Tonge Moja, Midomo Miwili

...na kwa nini mkono utetemeke, mkono huu huu ulionyoa vichwa vyote vya Kata ya Tisa, vya mviringo na vya pembe, mkono unaopitisha wembe kwenye koo la mlevi anayeimba na mlevi akamaliza ubeti wake salama, leo umebeba kipande cha mkate wa injera kilichokunjwa na dengu na eti unatetemeka, thubutu, hautetemeki, ni mchuzi tu unaomtiririka hadi kwenye kiwiko na pilipili inamwasha palipo na mkwaruzo... "Endale Gobena," mkaguzi anaita mara ya pili, "tonge lako," na Endale anajibu bila kugeuka, "Lipo, gashe, mzee wangu, linapoa, nisije nikamuunguza mtu ulimi halafu mkasema nimetumwa," na meza ya nyuma inacheka, wanacheka kweli, Siku ya Tonge yenyewe, ukumbi baridi kama kisima, watu wamekaa kama wanaosubiri kung'olewa meno, lakini zamu ya Endale ikifika kicheko lazima kipatikane... meno, bwana, asingeyataja meno, kwa sababu sasa macho yamekwenda yenyewe upande wa kulia wa sinia, kwa Worku fundi viatu, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na kamasi, mdomo ameufumba lakini Endale anajua kilichomo, pengo la meno mawili ya mbele, na upande wa kushoto yupo Bezawit, mdomo nao umefumbwa, na huo nao anaujua, tangu mvua kubwa za mwaka jana anaujua kuliko anavyojua njia ya kwenda kwao, na tonge mkononi ni moja, na ukutani yameandikwa kwa herufi za kimo cha mtu maneno ambayo hata yeye aliyeacha shule darasa la nne anayasoma bila kufuatisha na kidole, MMOJA ANATOSHA, yaani kila mtu atatoa tonge moja, kwa mtu mmoja, mara moja kwa mwaka, na ambaye kengele ya adhuhuri itagonga hajalishwa na yeyote basi huyo hana mtu, na asiye na mtu ana lori lake, hilo hapo nje, injini inanguruma tayari, linashuka naye bondeni kuchimba chumvi miaka saba... Endale amewahi kuwanyoa wawili waliorudi, ngozi ya kichwa imepasukapasuka kama tope la kiangazi, wembe ulikuwa haujui upite wapi.

Lakini matanga kabla ya kifo ya nini, jambo lenyewe jepesi, kijana mwingine angekuwa ameshajikojolea, yeye ni Endale, midomo miwili inamsubiri, na ni wangapi humu wanaosubiriwa hivyo, kuna wanaume wenye ndevu hadi kifuani ambao kila mwaka wanalishwa na mama zao, na alishaamua, aliamua asubuhi mbele ya kioo akijinyoa mwenyewe, tonge ni la Bezawit, kwisha habari, mwanamume akipenda anapenda, na Worku ni mtu mzima, Worku anajulikana, kata nzima inatembea juu ya nyuzi za Worku, atakosaje wa kumlisha, hivyo alimwambia yule wa kwenye kioo na yule wa kwenye kioo akakubali, huwa hana ubishi... ila sasa ni karibu adhuhuri na wote waliovaa viatu vya Worku wameshalisha wake zao na mama zao, wamepangusa vidole, wanatazama dari, viatu vyao viko chini ya meza vimeshonwa vizuri sana na hakuna hata kimoja kilichosimama kumlisha fundi wake, na mambo yamekwenda kwa fujo, yamekwenda nje ya kioo, kwanza aliitwa Etete Zenebech, bibi kizee wa meza yao hii, akajikokota hadi dirishani kumlisha mwanawe, mwanawe akamlisha mkewe, mkewe akamlisha kaka yake, ikawa imekwenda, ikaishia huko, na bibi akarudi akakaa mikono mitupu kama mtu aliyetoka kuzika, halafu akaitwa Bezawit, na Endale, Endale bwana, ambaye wiki nzima alikuwa anawaambia wateja "Kaeni mstari wa mbele muone nitakavyolishwa, mtatamani muwe mimi," Endale akafungua mdomo kabla hata injera haijakatwa, akaufungua wote kama kifaranga, na tonge likaja, likapita chini ya pua yake, akalinusa, likaenda likaingia kwenye mdomo wa Etete Zenebech, mwanamke ambaye Bezawit anamfahamu kwa foleni ya bomba la maji tu, na mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Funga, kinyozi, nzi wataingia!" na ukumbi ukacheka, safari hii hakuwa yeye aliyewachekesha, na Bezawit akakaa, akajifuta mikono kwenye shuka lake jeupe, hakumtazama, akasema polepole, "Yeye alikuwa hana mtu," basi, hivyo tu, kama anayesema mvua imenyesha... na mdomo bado ulikuwa wazi, hilo ndilo la ajabu, alikuwa hajaufunga bado Worku alipoitwa, Worku ambaye hajamsemesha tangu jana, na Worku akakunja tonge, gumu, la fundi, akalisukuma humo kama anayeziba tundu, akasema, "Tafuna," akakaa... kwa hiyo Endale yuko salama, Etete yuko salama, na wawili hawa, mmoja kulia mmoja kushoto, hawajala.

"Dakika tano, kinyozi," anasema mkaguzi, na Endale, "Tano nyingi, gashe, mimi nanyoa wawili kwa tano," na safari hii meza ya nyuma haicheki sana... jana, yote haya ni ya jana, kama jana isingekuwepo leo ingekuwa nyepesi, jana dukani, kinyozi na fundi viatu chini ya paa moja, Worku ameketi kwenye kigoda na kiatu cha mtu magotini, sindano mdomoni ikipita kwenye lile pengo, hata pengo amelipatia kazi, na Bezawit ameegemea mlango na jagi lake la maji, na Worku anasema bila kuinua kichwa, "Kesho mimi na wewe, kama kawaida," na Endale akaanza kujikuna shingo, "Worku, ndugu yangu, mwaka huu..." "Mwaka huu nini?" "Mwaka huu kuna mtu," na Worku akaitoa sindano, akamtazama Bezawit, akamtazama yeye, "Huyu ni mtu, na mimi ni nini, kigoda?" "Usinielewe vibaya, haya ni mapenzi." "Mapenzi ni homa, Endale, inapanda inashuka, mwaka juzi homa ilikuwa ya yule wa kwenye tanuri la matofali, ukalala na vumbi mwezi mzima, kabla yake ilikuwa ya mjane mwenye mbuzi," na Bezawit kutoka mlangoni, "Mjane wa kwenye tanuri ninamjua, habari za mbuzi sikuambiwa," "Si mjane wa kwenye tanuri, ni wawili tofauti!" anapiga kelele Endale, na walicheka, wote watatu walicheka, hilo asilisahau, dakika moja kabla ya mambo kuharibika walikuwa wanacheka, halafu Worku akasema kile ambacho miaka minane hajawahi kukisema, akakisema kwa sauti ndogo, "Meno yangu mawili yako wapi, Endale?"

...kwa sababu ule utani ulikuwa wa Endale, nani mwingine angeutunga, utani wa masikio makubwa ya Mwenyekiti, kwamba kumnyoa Mwenyekiti ni safari ya siku mbili, ukifika nyuma ya sikio unalala ndipo asubuhi unaendelea, duka zima lilivunjika mbavu, na kesho yake wakaja watatu wenye makoti ya serikali, wakauliza nani aliyesema, na Endale wakati ule alikuwa na miaka kumi na saba na ulimi wake, ulimi usiolala, ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma, na Worku akainuka na kiatu mkononi akasema, "Ni mimi," wakamshikilia siku arobaini, akarudi amepungua meno na kilo, akakaa kwenye kiti, akasema, "Ninyoe," na Endale akamnyoa, na hakuna aliyesema kitu, miaka minane hakuna aliyesema kitu, na Endale, apewe haki yake, alimnyoa bure toka siku hiyo, akadhani hayo ndiyo maneno ya shukrani... "Kumbe ulimpa meno ili umfunge kamba?" ndivyo Bezawit alivyomuuliza Worku, na jagi ameshaliweka chini, "Nilimpa kwa sababu ni rafiki yangu, wewe umempa nini?" "Sijampa kitu, wala sitaki anipe, nikimpendea kitu, hicho kitu kikiisha nitampendea nini?" "Basi usile tonge lake." "Nani kasema nalitaka?" "Hulitaki? Unataka chumvi?" na hapo Bezawit aliinua uso, "Nataka anilishe kwa sababu anataka, si kwa sababu kuna lori," na Worku, "Lori lipo, binti, rafiki ni yule anayejua kwamba lori lipo, huyo mwingine ni wa kuimbiana," na Bezawit, "Ukinipenda kwa hofu ya lori, umependa lori"... na yeye Endale wakati huo alikuwa wapi, alikuwa pale, ananoa wembe kwenye mkanda, shwa, shwa, na ukweli, ah, ukweli ni kwamba kifua kilikuwa kimemjaa kama jogoo, watu wawili wanagombania mkono wake, alitamani mlango uwe wazi zaidi mtaa usikie.

Dengu inapoa, hii sasa kweli inapoa, na kuna njia, mikono yake ina wepesi, angeweza kulipasua tonge katikati njiani, nusu huku nusu kule, kabla jicho halijapepesa, angeweza, hakuna mkono kama huu mjini, lakini mwaka jana mfumaji mmoja wa Kata ya Nne alijaribu, wakasema nusu tonge si tonge, wakafuta yote, wakapanda lori watatu badala ya mmoja, na hata bila hayo, nusu tonge ni chakula cha kutegea panya, unamtazamaje mtu usoni huku unampa nusu... "Dakika nne," na sauti ya mkaguzi imekwaruza, na Endale anageuza jicho kidogo tu, mkaguzi ndiye Gashe Shiferaw, kichwa hicho anakijua, kovu nyuma ya sikio la kulia, nywele zinazokua kinyume utosini, miaka mitatu iliyopita Shiferaw alimlisha mkewe, na kaka yake aliyekaa meza hiyo hiyo akapanda lori, na wiki iliyofuata kichwa kile kilikuwa kinatetemeka chini ya wembe, na Endale, mpumbavu wa Mungu, akamwambia, "Gashe, tulia, au unataka uniachie sikio hapa dukani," akashangaa mbona hacheki, akadhani ni baridi... na tangu siku ile Shiferaw huja jioni, kwa sababu mke wa kaka yake ana kibanda cha kahawa mkabala na duka, naye hufunga jioni, hajawahi kukaa kwenye kile kiti akiwa anatazamwa na shemeji yake, na si yeye tu, Endale ana ratiba yake kichwani, hajaiandika popote, hawa wa asubuhi, hawa wa mchana, hawa wasikutane, yule fundi bomba na mdogo wake ni siku tofauti kabisa, mapacha wa kinu cha unga, mmoja anaingilia mbele mmoja anaingilia nyuma, na amejisifu kwa hilo, amesema mara ngapi, "Duka langu halina ugomvi, kinyozi lazima awe na akili ya kuwapanga watu," na kila mwaka baada ya Siku ya Tonge ratiba inaongezeka, inaongezeka, mwaka huu hata hajui atawapangaje...

Halafu kuna kitu kinanong'ona upande wa pili wa sinia, ni Etete Zenebech, bado anatafuna lile tonge la Bezawit, ufizi kwa ufizi, anatafuna na kusema, "...moja ni ugom..." "Dakika tatu!" "...la pili..." na Endale anainama kidogo, mkono hausogei, "Unasemaje, Etete?" na bibi anameza kwanza, hana haraka, yeye ameshaokoka, "Nasema hukulelewa wewe? Tonge moja ni la ugomvi, la pili la kuamulia, la tatu ndiyo la mapenzi, nani alikulea?" "Bibi yangu." "Alijichosha bure," na watu wa meza ya nyuma wanasikia, mmoja anakohoa kicheko, mwingine anamwambia nyamaza, na Endale ghafla yuko mkekani nyumbani kwa bibi yake, ana miaka mitano, Utaratibu huu wa tonge moja haujaja, na jirani yule wa kuku, yule aliyegombana na bibi kwa ajili ya kuku mwezi mzima, ameingia, amekaa, na bibi anakunja tonge kubwa kama ngumi ya mtoto na kumtia mdomoni, halafu jingine, na jirani mashavu yamejaa, machozi ya pilipili yanamtoka, anapunga mikono, "Imetosha, imetosha!" na bibi, "Haijatosha, unataka tugombane tena? La mwisho," na la mwisho likaingia, wakacheka hadi bibi akashika ubavu, na hakuna mtu, hakuna, katika nchi hii yote ya mikaratusi na baridi, aliyewahi kutoka kwenye nyumba ya mtu na tonge moja, ukipewa moja unauliza, "Nimekukosea nini?" hiyo haifundishwi shuleni, hiyo unaijua kabla hujajua kufunga vifungo...

...basi na wao wanaijua. Hapo mawazo yanasimama kama punda mbele ya daraja. Wale waliokaa mezani kuandika MMOJA ANATOSHA, nao walikuwa na bibi, nao walitiwa matonge matatu hadi machozi, na walipofika kwenye hesabu wakachagua moja, wangeweza kusema mawili, wangeweza kusema matatu, injera haikosekani, wakachagua moja, lile la ugomvi, na Endale siku zote amekuwa akisema, kwa sauti ya chini akiwa ameshika masikio ya wateja, kwamba wale ni vichwa vya mawe, wametunga sheria ya kijinga, kumbe mjinga ni yeye, ile si sheria ya kujua nani ana mtu, ile ni mashine ya kutengeneza ratiba yake, inawatoa watu mlangoni wawili wawili wasiosemeshana, ndugu huku ndugu kule, na yeye kila mwaka anawapokea, anawapanga wasikutane, anajisifu, amekuwa karani wao bila hata koti... na jana, jana dukani, nani alikuwa na kosa, Worku kusema lori lipo, kweli lipo, au Bezawit kusema asipendwe kwa ajili ya lori, nayo kweli, walikuwa watu wawili wameshika nguo moja kila mmoja kwa upande wake, nguo haikuwa imechanika, na leo hakuna hata mmoja wao aliyefanya alichosema jana, Worku mwenye meno yake ya kudai ametoa tonge lake bila kungoja kuona kama atapewa, "Tafuna," akakaa, na Bezawit aliyesema hatoi kitu ametoa miaka saba ya ngozi yake kwa bibi wa foleni ya maji, tena bila kelele, na ni Endale peke yake, Endale wa vichwa vyote vya kata, aliyeamini kwamba haya ni mashindano na zawadi ni yeye.

Anatazama sinia. Hakuna aliyelitazama sinia tangu asubuhi, watu wote wanatazama midomo, na sinia limejaa, injera imetandazwa hadi ukingoni, dengu, kabichi, pilipili, matonge kumi yametolewa meza za jirani na kila sinia linarudi jikoni nusu zima, kila mwaka linarudi... na kumbe hakuna pingu kwenye mkono huu, unaweza kutoa, ukarudi chini, ukakunja tena, mbele ya macho ya watu wote, si kwa wepesi wa kinyozi, polepole, kama nyumbani, na wanaweza kufuta, ndiyo, wanaweza kusema la pili limelifuta la kwanza, wakamtupa na yeye kwenye lori, lori lina nafasi, na huko chini kuna vichwa vya kunyoa, ila Shiferaw ndiye mwenye kalamu, na kalamu ile imeinamishwa lakini haijagusa karatasi, na Shiferaw amesikia alichosema Etete, Endale anaona kwa jinsi lile kovu nyuma ya sikio lilivyojikunja, na meza ya nyuma imesikia, na yule fundi bomba meza ya tatu ameshika kipande cha injera ambacho hana ruhusa nacho, hajui hata kwamba amekishika, anatazama upande aliko mdogo wake... "Dakika moja, kinyozi," anasema mkaguzi, taratibu kuliko anavyotakiwa, na mkono uko pale pale ulipokuwa, juu ya sinia, haujasogea upana wa unywele, mchuzi umeshakauka kwenye kiwiko, midomo miwili imefumbwa bado, na Endale, aliyekuwa akijiuliza nani, sasa anajiuliza nani aanze kulishwa, jambo la adabu tu, la mezani, mkubwa au aliye karibu, na Worku amemzidi Bezawit miezi minne, basi mkubwa aanze, na Bezawit atanuna, anune, akinuna mashavu yanakaa vizuri, na zamu yake ikifika vidole vitakuwa vimeshapata moto, litakunjwa kubwa, la kumjaza kabisa, asipate pa kupitishia neno la kubisha, halafu la pili, halafu la tatu.